Mtoto wa wiki tano analia kila jioni, tumbo limejaa gesi. Nimsaidieje?

MamaWaWikiTano

Habari zenu wazazi wenzangu. Naandika mtoto akiwa begani, mnisamehe nikikosea herufi.

Ni mwanangu wa kwanza, wa kiume, leo ana wiki 5 na siku 3. Alizaliwa na kilo 3.1, juzi kliniki alikuwa na kilo 4.2. Mchana hana neno: ananyonya, anatazama dirisha, analala. Ikifika saa 11 jioni anaanza kujinyonganyonga, na saa 12 kilio kimeshapanda. Anakunja magoti hadi tumboni, anakaza ngumi, uso unamwiva, halafu anajinyoosha ghafla kama upinde. Tumbo lake ukiligonga kwa kidole linalia kama ngoma. Akijamba ananyamaza kidogo, nashukuru, kisha anaanza upya. Hivyo hivyo mpaka saa 3 usiku, siku nyingine saa 4.

Tangu wiki iliyopita naandika kwenye daftari, kwa sababu nilianza kujishuku kwamba pengine naongeza chumvi. Jumatatu alilia saa 2 na dakika 20 kwa jumla. Jumanne saa 3 kasoro dakika 10. Jumatano saa 2 na nusu. Alhamisi nilishindwa kuandika, nililia na yeye.

Ananyonya maziwa yangu, isipokuwa chupa moja ya usiku ambayo baba yake humpa ili mimi nilale. Kila akimaliza kunyonya namcheulisha begani, nampigapiga mgongo hata nusu saa, mara nyingine hacheui kabisa. Nimempa matone ya kuondoa gesi kwa siku 8, sijaona tofauti. Mama mkwe, ambaye ananisaidia sana na ninampenda, anasema maziwa yangu yana hewa, nimpe mtoto maji ya vuguvugu yenye sukari kidogo tumbo lilainike. Sitaki kumkosea heshima, na sitaki kumpa mtoto kitu kisichofaa.

Nauliza: je, ni gesi kweli? Namcheulishaje vizuri? Na inawezekana maziwa yangu ndiyo yanamuumiza? Hilo la mwisho ndilo linaninyima usingizi hata anapolala.

---

MamaWatatu

Pole sana mwenzangu. Mtoto wangu wa pili alikuwa hivyo hivyo, saa ile ile ya magharibi.

Kilichomsaidia: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa karibu na kiwiko, mashavu yakitazama nje, miguu ikining'inia huku na huku, kiganja chako kikishika paja lake. Mkono wako unaminya tumbo taratibu. Tembea naye hivyo hivyo. Kwangu ilikuwa inachukua kama dakika tano anaanza kulegea. Na maji ya kuoga ya vuguvugu niliyahamisha kutoka asubuhi kwenda saa 11 jioni, kabla kilio hakijaanza.

Maziwa yako hayana hewa, ndugu yangu. Hewa haipiti kwenye titi. Hilo liondoe moyoni leo.

---

MkungaMstaafu

Binti yangu, hongera kwa kujifungua, na pole kwa jioni hizo. Nimefanya ukunga miaka 31, wodi ya wazazi na kliniki ya watoto, na nimelea wanne wa kwangu. Naanza na daftari lako, maana umefanya jambo kubwa kuliko unavyodhani.

Mwaka 1962 daktari wa watoto wa Marekani, T. Berry Brazelton, alichapisha utafiti uliofanywa kwa madaftari kama hilo lako. Akina mama wa watoto 80 wenye afya waliandika kila siku mtoto amelia kwa muda gani. Walipokuwa na wiki 2, mtoto wa katikati (ukiwapanga kuanzia aliyelia kidogo hadi aliyelia sana) alilia kama saa 1 na dakika 45 kwa siku. Kufika wiki 6, saa 2 na dakika 45. Halafu kilio kikaanza kushuka, na kwenye wiki 12 kilikuwa kimebaki kama saa moja. Sehemu kubwa ya kilio hicho ilikuwa jioni. Sasa rudi usome Jumatatu, Jumanne na Jumatano yako. Mwanao anakaribia wiki 6, yuko pale pale walipokuwa watoto wale wazima. Hujaongeza chumvi, na mtoto wako hajaharibika.

Hata hicho tunachokiita mchango, yaani kilio kingi cha mtoto kisicho na sababu inayoonekana, kwa muda mrefu madaktari walikipima kwa kanuni ya daktari Morris Wessel ya mwaka 1954: mtoto mwenye afya na anayeshiba, analia zaidi ya saa 3 kwa siku, zaidi ya siku 3 kwa wiki, kwa zaidi ya wiki 3. Wako hajafika huko. Na hata angefika, mchango huisha wenyewe, mara nyingi kati ya miezi mitatu na minne.

Sasa gesi. Mtoto akilia anameza hewa. Hewa inajaza tumbo, sisi tunaligonga, tunasikia ngoma, tunasema gesi ndiyo inamliza. Mara nyingi ni kinyume chake: kilio kilitangulia, gesi ikafuata. Simaanishi kwamba haimsumbui. Inamsumbua, na kuitoa kunampa nafuu. Ila ukishajua kwamba kilio ndicho kinachoingiza hewa, utabadilisha saa ya kumchukua. Usingoje alie ndipo umnyonyeshe. Akianza kugeuza kichwa kutafuta, kulamba midomo, kupeleka ngumi kinywani, mpe titi wakati huo huo. Mtoto aliyeanza kulia hushika titi vibaya, na akishika vibaya anameza hewa zaidi. Katika miaka yote ile kliniki, hili ndilo nililolirudia kuliko dawa yoyote.

Mtazame leo anavyoshika. Mdomo uwe wazi kweli kama anapiga miayo, kidevu kimezama kwenye titi, mdomo wa chini umepinduka nje, na ile sehemu nyeusi ionekane zaidi juu ya mdomo wake kuliko chini. Sikiliza: ukisikia "tk, tk, tk" kila anapovuta, hewa inaingia. Akiachia, itazame chuchu. Ikitoka imebanwa upande mmoja, au inakuuma mpaka unakunja vidole vya miguu, hajashika vizuri. Ingiza kidole chako kidogo pembeni ya mdomo wake, mwachishe, anza tena. Hata mara nne, si dhambi. Na kama maziwa yanatoka kwa nguvu hadi anapaliwa, jilaze kwa kuegemea nyuma, yeye awe juu yako, ayavute kwa kupanda.

Kumcheulisha: nusu saa ni nyingi, inamchosha yeye na wewe. Dakika tano zinatosha. Begani ni sawa, lakini hakikisha tumbo lake, si kifua tu, limekaa juu ya bega. Mimi nilipenda zaidi kumkalisha pajani: kiganja kimoja kinashika kidevu na taya (si koo), mtoto anainama mbele kidogo, mkono mwingine unasugua mgongo kuanzia kiunoni kwenda juu. Kusugua, si kupiga. Baada ya titi la kwanza mcheulishe, kisha mpe la pili kama bado anataka. Asipocheua mlaze. Watoto wanaonyonya titi na kushika vizuri mara nyingi hawana cha kucheua.

Chupa ya usiku: mwambie baba yake amkalishe mtoto karibu wima, chupa ailaze iwe karibu sawa na sakafu, maziwa yajae kwenye chuchu ya chupa tu. Kila baada ya muda aishushe chupa ili mtoto apumzike. Kama ni maziwa ya kopo, akishayakoroga ayaache povu lishuke kabla ya kumpa.

Tumbo lenyewe: mikono yako iwe na joto, sugua kwa kuzunguka kitovu kufuata mwendo wa mishale ya saa, maana ndivyo utumbo mpana unavyokwenda. Kisha mkunje magoti taratibu kuelekea tumboni, hesabu tano, achia. Fanya akiwa ametulia, si mara baada ya kushiba, la sivyo atarudisha maziwa. Kumlaza kifudifudi akiwa macho, ukimtazama, ni vizuri. Kulala ni chali, kila mara, hata kama anaonekana kupendelea tumbo.

Matone uliyompa nadhani ni ya simethikoni. Hayana madhara makubwa, hayaingii hata kwenye damu, ila yamepimwa kwa kulinganishwa na matone yasiyo na dawa na watoto walipata nafuu sawa kwa yote mawili. Ukiyaacha hutampunja. Zile dawa za maji za gesi, soma kilichoandikwa kwenye chupa. Ile ya kwanza kabisa, iliyotungwa Uingereza mwaka 1851 na mfamasia William Woodward, ilikuwa na pombe. Za siku hizi nyingi hazina, lakini nyingi zina sukari, na mtoto wa wiki tano hahitaji sukari.

Maji usimpe. Mpaka miezi sita maziwa yanamtosha, kiu na njaa. Tumbo lake ni dogo, kila kijiko cha maji kinachukua nafasi ya maziwa, na maji yanaweza kuja na vijidudu. Asali ndiyo kabisa, mpaka atimize mwaka, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vya sumu inayolegeza misuli ya mtoto hadi ashindwe kupumua. Kwa mama mkwe usiende na kitabu. Mpe kazi: mwambie, "Mama, ikifika saa 11 nisaidie kumsugua tumbo, mikono yako ina joto kuliko yangu." Mama anayependa mjukuu wake anataka mahali pa kusaidia.

Haya ya mwisho yasome mara mbili. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, usisubiri asubuhi, kama ana joto la 38 au zaidi (chini ya miezi mitatu hiyo peke yake inatosha). Anatapika rangi ya kijani. Maziwa yanaruka mbali kila anaponyonya. Kuna damu kwenye choo. Tumbo limekuwa gumu na limevimba haliteremki. Kuna uvimbe kwenye kinena. Utosi umevimba akiwa ametulia. Anakataa kunyonya, nepi hazilowi, au amelegea. Pia kilio kikibadilika, kikawa chembamba cha kupasua masikio au kinyonge kisicho cha kwake. Na kabla hujasema ni gesi, mvue nguo zote. Kagua kila kidole cha mkono na cha mguu: unywele wa mama unaweza kujizungusha kidoleni ukakata damu, na mtoto analia saa nzima watu wakisugua tumbo. Nimeuondoa kwa mkono wangu, zaidi ya mara moja.

---

BabaPacha

Mkunga amemaliza habari za tumbo. Mimi naongeza ya mzazi, kwa sababu ulisema Alhamisi ulilia naye.

Wetu walikuwa wawili, wakipokezana. Usiku mmoja, walikuwa na wiki 7, nilikuwa nimemshika mmoja na nikahisi mikono yangu inamkaza. Sikumfanya kitu. Nilimlaza chali kitandani kwake, nikafunga mlango, nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi dakika kumi. Alikuwa analia niliporudi, lakini alikuwa salama, na mimi nilikuwa nimerudi kuwa baba yake. Asubuhi nilimwambia mke wangu. Akaniambia yeye alishafanya hivyo mara mbili na aliona aibu kunieleza.

Mtoto akilia dakika kumi peke yake mahali salama hapati madhara. Akitikiswa, hata kwa sekunde chache, ubongo unaweza kuvuja damu. Mwambieni kila atakayemshika huyo mtoto, hata bibi, hata shangazi. Sisi tuliliandika kwenye karatasi tukalibandika ukutani.

Kingine: kuna watafiti wa taasisi ya RIKEN, Japani, ambao mwaka 2022 walichapisha jambo rahisi. Mchukue mtoto anayelia, tembea naye dakika 5 mfululizo bila kusimamasimama. Akilala usimlaze papo hapo. Kaa naye kimya dakika 5 hadi 8, ndipo umlaze. Walijaribu kwa watoto wachache tu, lakini mimi nilisoma baadaye nikakumbuka kwamba kosa letu lilikuwa pale pale: tulikuwa tunamlaza mara tu macho yanapofumba, mgongo unagusa godoro, anafumbua.

Mgawane jioni na mwenzako kwa saa. Sisi tulikuwa dakika 30 kwa 30, na ambaye si zamu yake anatoka chumbani kabisa.

---

MamaWaWikiTano

Shikamoo mama mkunga. Asanteni nyote, nimesoma kwa sauti mume wangu akiwa anasikiliza.

Ile "tk, tk" ipo. Titi la kushoto hasa. Na chuchu inatoka imebanwa kama ncha ya kalamu iliyochongwa. Nilidhani ndivyo inavyokuwa kwa kila mtu. Jana nilimwachisha na kuanza tena mara tano, mara ya tano haikuuma. Vidole nimekagua vyote, havina kitu. Joto ni 36.8.

Maswali mawili yamebaki. Kabla ya kupata choo anajikamua dakika kumi, kumi na tano, anaguna, uso unaiva, analia, halafu choo kinatoka laini kabisa. Je, ni kufunga choo? Jirani alinishauri kipande cha sabuni, sijafanya. Na choo siku nyingine ni cha kijani chenye povu.

---

MkungaMstaafu

Marahaba, binti yangu. Nimefurahi hiyo mara ya tano.

Choo kikitoka laini, hajafunga choo, hata ajikamue namna gani. Kufunga choo ni kikiwa kigumu kama vigololi. Huyu anajifunza. Anasukuma kwa tumbo, lakini bado hajajua kulegeza njia ya chini wakati huo huo, kwa hiyo anasukuma mlango alioufunga mwenyewe. Kulia kunamsaidia kusukuma. Wiki chache tu atajua. Sabuni usimwekee, wala ncha ya kipimajoto, wala kitu chochote. Sabuni inaunguza ngozi ya ndani, na akizoea kusaidiwa kila mara anachelewa kujifunza mwenyewe. Mkunje magoti, mshike mkono, msubiri.

Kijani chenye povu, kama anaongezeka uzito na ana furaha mchana, huenda ni mtoto anayehamishwa titi mapema. Maziwa ya mwanzo ni mengi na yana mafuta kidogo, mafuta yanaongezeka kadiri titi linavyokwisha. Usitazame saa. Mwache amalize la kwanza, aliachie mwenyewe, ndipo umpe la pili. Uzito wake nimeupigia hesabu: zaidi ya kilo moja tangu kuzaliwa kwa wiki tano, nami nilikuwa nafurahi nikiona kadi ya namna hiyo.

Utasikia wengine wakikuambia uache maziwa ya ng'ombe na vyakula chungu nzima. Mzio wa maziwa ya ng'ombe upo, lakini ni wa watoto wachache, na kwa kawaida huja na mengine: damu au makamasi kwenye choo, ngozi yenye ukurutu, kutapika sana, uzito kugoma. Ukiyaona hayo mwone daktari, mpange naye ni nini cha kuacha na kwa wiki ngapi. Usijinyime chakula kwa kubahatisha wakati unanyonyesha.

Hiyo chuchu ya kushoto, ikiendelea kubanwa baada ya siku tatu nne, nenda kliniki ukanyonyeshe mbele ya mhudumu. Mwambie akutazame ukinyonyesha toka mwanzo mpaka mwisho. Wengi hutazama mizani tu. Na chini ya ulimi wake watazame pia kama umeshikwa na utando mfupi.

Wewe mwenyewe je? Hukujibu kuhusu Alhamisi. Ukiona wiki mbili zimepita huna furaha hata anapolala, huli, au unapata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru, hilo nalo ni la kupeleka hospitali, kama homa.

---

MamaWaWikiTano

Narudi kuwapa habari. Leo ana wiki 9.

Nilikwenda kliniki. Ulimi haukushikwa. Mhudumu alinionyesha kumleta mtoto kwenye titi, mimi nilikuwa nalipeleka titi kwa mtoto huku nimeinama, ndiyo maana hata mgongo ulikuwa unaniuma. "Tk, tk" imeisha upande wa kulia, wa kushoto inarudi nikiwa nimechoka. Matone niliacha siku ile ile, hakuna kilichobadilika.

Bado analia jioni. Wiki ya 6 ilikuwa mbaya kuliko zote, kuna siku niliandika saa 3 na dakika 15, na kama nisingekuwa nimesoma kwamba ndicho kilele, sijui. Wiki ya 7 nikaona saa 2. Wiki iliyopita, nyingi zilikuwa saa moja na dakika kadhaa. Mama mkwe ndiye mwenye zamu ya saa 11. Anamsugua tumbo kufuata saa ya ukutani kweli, macho yake yako kwenye mishale. Habari ya maji hajaitaja tena.

Mama mkunga, ya Alhamisi: nilimweleza mume wangu, sasa Alhamisi nalala saa 12 jioni hata kama nyumba inalia. Najisikia vizuri. Siyo kila siku, lakini vizuri.

Daftari limebaki kurasa chache. Asubuhi hii nimelifungua nikakuta ukurasa wa jana mtupu. Nilisahau kuandika.